Mwewe wa Uani: Kumpiga Picha na Kumhariri Bila Kumbadilisha

Huna haja ya kuchanga nauli ya kwenda Mikumi ili umwone ndege mla nyama. Keti nje ya kafteria saa saba mchana, weka sahani ya chipsi na mishkaki mezani, kisha geuka kumsalimia mtu. Mwewe atakuja mwenyewe, na hataondoka mikono mitupu. Huko kwenye mageto ya Changanyikeni, Msewe na Makongo hali ni ileile. Yupo juu ya mwembe wa mwenye nyumba, au juu ya nguzo ya umeme, au kwenye mnara wa simu, anahesabu vifaranga vya watu.

Wanafunzi wengi humpiga picha, na picha nyingi hufanana: doa jeusi kwenye anga jeupe. Hapo ndipo zoezi la uokoaji linapoanza. Mtu anafungua programu ya kuediti, anavuta slaida ya mwanga hadi ukutani, anavuta ya rangi, anavuta ya ukali. Akimaliza ana ndege wa rangi ya chungwa, amezungukwa na mstari mweupe kama malaika wa kwenye kalenda, na mdomo wake unawaka njano kama taa ya bodaboda. Picha inapendwa kweli. Tatizo ni moja tu, ndege yule hayupo duniani.

Kuhariri vizuri ni kutoa nje kile ambacho tayari kimo ndani ya faili. Kama hakimo, hakuna slaida itakayokileta, na programu inayodai imekileta imekitunga. Kwa picha ya harusi huenda hilo lisimsumbue mtu. Kwa ndege mla nyama linasumbua sana, kwa sababu ndege hawa hutambulika kwa alama ndogo mno, na alama hizo ndizo zinazokuwa za kwanza kufa kwenye meza ya kuhariri. Tuanze na mdomo.

Wa njano au mweusi?

Mwewe wetu wa kila siku kitaalamu anaitwa Milvus aegyptius. Akiwa mkubwa mdomo wake wote ni wa njano. Mkia una panda, na anapoelea utamwona anausokota huku na huku kama usukani. Lakini ana ndugu yake, Milvus migrans, anayezaliana Ulaya na Asia na kuja Afrika kukimbia baridi, takriban kati ya Oktoba na Machi. Huyo mgeni mdomo wake ni mweusi, na njano ipo kwenye ile ngozi ya shina la mdomo tu. Kichwa chake nacho kimepauka, kinaelekea kijivu. Vipo vitabu ambavyo hadi leo vinawahesabu wote wawili kuwa aina moja, na ugomvi huo tuwaachie watu wa zuolojia.

Mpaka hapo utaona ni rahisi: njano mwenyeji, nyeusi mgeni. Sivyo. Mtoto wa mwewe wetu naye ana mdomo mweusi. Kwa hiyo ukipata picha ya mwewe mwenye mdomo mweusi mwezi wa Desemba, mdomo peke yake haukuambii kitu. Unatakiwa kutazama kichwa, michirizi ya kifuani, kingo zilizopauka za manyoya ya mgongoni, na kina cha ile panda ya mkia.

Sasa rudi kwenye slaida. Ukiongeza njano, ngozi ya shina la mdomo inasambaa na mdomo mzima unaonekana wa njano. Ukifuta chenga kupita kiasi, michirizi ya kifuani inalainika hadi inapotea. Ukinyanyua sehemu zenye giza, kichwa kinapauka. Umegusa vitu vitatu tu, tena kwa nia njema kabisa, na mgeni wa Ulaya ameshapewa uenyeji wa Msewe, au mtoto wa hapahapa amepewa pasipoti. Na picha za namna hii haziishii kwenye simu yako. Tanzania Bird Atlas, eBird na iNaturalist hupokea kumbukumbu za ndege kutoka kwa watu wa kawaida kama wewe, na picha ndiyo ushahidi. Mtu atakayeisoma kutoka Arusha au Uingereza hakuwepo kwenye uwanja wako. Ataamini kifua unachomwonyesha.

Kazi kubwa inafanyika kabla ya kompyuta

Kwa nini mwewe anatoka mweusi? Kamera haijui kama inatazama ndege. Inapima mwanga wa eneo zima, na kwa kawaida inajaribu kuufanya uwe wa wastani, kama kijivu hivi. Anga la Dar saa nne asubuhi ni jeupe na kali, nalo limejaza karibu fremu yote. Kamera inasema, "mwanga umezidi," inapunguza, na anga linakuwa kijivu. Ndege, ambaye ni kahawia iliyokolea na tumbo lake liko kivulini, anazama gizani.

Dawa ni kumwambia kamera imekosea. Karibu kila kamera ina kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa mwewe anayeruka kwenye anga jeupe, anza na kujumlisha stopu 1, na anga likiwa la mawingu meupe nenda hadi 2. Stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili. Anga litakaribia kuungua na kuwa jeupe kabisa, na wengi hapo huogopa. Usiogope, hukuja kupiga picha ya mawingu. Kinyume chake, ukimkuta yule kipanga mdogo mweupe mwenye mabega meusi ametua mbele ya miti yenye kiza, kamera itazidisha mwanga na kumuunguza, kwa hiyo unatoa stopu 1. (Kipanga wa darasani ni mwingine, huyo mpigie picha siku ya mahafali.)

Watu huniuliza: si nitapandisha tu mwanga baadaye kwenye laptopu? Chukua kikokotoo. Mwanga unafika kwenye sensa kwa fotoni mojamoja, bila mpangilio, kama matone ya mvua juu ya bati. Mtikisiko wa hesabu hiyo ni kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Pikseli iliyopokea fotoni 10,000 ina mtikisiko wa takriban 100, yaani asilimia 1, na jicho halitauona. Pikseli iliyopokea fotoni 100 ina mtikisiko wa 10, yaani asilimia 10, na hizo ndizo chenga unazoziona kwenye tumbo la mwewe mweusi. Ukipandisha slaida, unazidisha ndege na chenga kwa pamoja. Uwiano haubadiliki hata kidogo. Mwanga uliokosekana uwanjani umekosekana moja kwa moja.

Kuna njia nyingine ambayo kwa maoni yangu inashinda mipangilio yote, nayo haigharimu chochote: panda ghorofani. Kampasi yetu ina kilima na majengo yenye ngazi za wazi. Ukisimama ghorofa ya tatu, mwewe anayeelea juu ya miti anakuwa usawa wa macho yako au chini kidogo. Nyuma yake kuna majani, hakuna anga. Mara moja kamera inaacha kudanganywa, mgongo wake unaonekana, na jicho lake linapata nukta ya mwanga. Wanaokaa mabwenini mnayo nafasi hii kila siku mnapoanika nguo.

Muda nao ni wa kupangia. Sisi tuko kama nyuzi 7 tu kusini ya ikweta, na jua huku halina adabu ya kupanda polepole. Mwanga mzuri, ule wa chini unaoingia hadi chini ya mbawa, unakaa tangu linapochomoza hadi kama saa 2 asubuhi, basi. Unarudi baada ya saa 10 na nusu jioni. Katikati ya siku jua liko utosini na tumbo la ndege ni kivuli kitupu, isipokuwa awe chini chini juu ya mchanga mweupe au zege, maana hapo mwanga unadunda kutoka ardhini na kummulika kwa chini. Lakini mchana kuna adui mwingine: hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye mabati na lami. Ukiona picha zako zote za saa saba ni laini wakati fokasi ilikuwa sawa, usilaumu lenzi. Ni ile hewa inayochezacheza, na hakuna programu ya kuinyoosha.

Kuhusu namba sitachelewa. Ndege aliyetua, shata 1/500 au kasi zaidi. Anayeruka, 1/1600 hadi 1/2000. Tundu la lenzi f/5.6 hadi f/8. ISO iache ijipange yenyewe, mradi shata isishuke. Chenga kidogo zinavumilika, picha iliyotikisika haitibiki. Fokasi iwe ya kufuatilia, na nukta yake iwekwe kichwani, maana bawa lililo karibu nawe linapenda kuiba fokasi. Piga kwenye faili ghafi kama kamera inaruhusu: JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi, faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Anga lililohaririwa kutoka JPEG huvunjika mistari mistari, umeshaliona.

Na usimtupie nyama ili aje karibu. Mwewe anayezoea kupewa ataanza kupora mikononi mwa watoto wa mama ntilie, na lawama atapata yeye.

Mezani

Tuchukue faili moja. Mwewe ametua kwenye tawi kavu la mwembe, saa 1:20 asubuhi, amepigwa kutoka kwenye ngazi za ghorofa ya tatu. Lenzi ya milimita 300, shata 1/1000, f/6.3, ISO 800. Picha nzima ni pikseli 6,000 kwa 4,000. Programu niliyotumia ni darktable, ambayo ni ya bure, na RawTherapee nayo ni ya bure. Huna haja ya kusubiri bumu litoke ndipo uhariri.

Kabla ya slaida yoyote, kuza hadi asilimia 100 na utazame jicho. Jicho likiwa laini, futa. Najua inauma, hasa mbawa zikiwa zimekaa vizuri. Futa. Katika picha 60 za asubuhi moja, ukibaki na 4 umefanya kazi nzuri.

Rangi inafuata. Jua la asubuhi ni la dhahabu, na mwewe kahawia atachukua udhahabu huo. Nguzo ya zege iliyopo pembeni ya fremu ndiyo inayonisaidia hapa. Najua ni ya kijivu, kwa hiyo naitumia kuona mwanga umeegemea wapi, kisha narudisha kama nusu tu ya safari. Nikirudisha yote, picha inapoteza asubuhi. Nisiporudisha kabisa, mwewe anakuwa mwekundu kuliko alivyo. Slaida ya kukoleza rangi sikuigusa. Mdomo ulikuwa wa njano tayari.

Mwanga wa jumla ulipanda kidogo sana, theluthi moja ya stopu, kwa sababu kazi ilishafanyika kwenye ngazi. Sehemu zenye giza chini ya bawa nilizinyanyua hadi manyoya yakaanza kutengana moja moja, nikasimama hapo. Alama ya kusimama ni hii: kivuli kibaki kivuli. Kama chini ya bawa kunang'aa sawa na mgongoni, jua limetoka pande mbili.

Chenga zinaondolewa kabla ya kuongeza ukali, usigeuze mpangilio, la sivyo utazinoa chenga zenyewe. Majani ya nyuma niliyafuta chenga kwa nguvu, maana hayana cha kusema. Ndege mwenyewe nilimgusa kidogo mno. Kifua kile chenye michirizi ndicho cheti chake cha kuzaliwa. Hapa pia ndipo nina shaka na programu za akili mnemba zinazosafisha picha kwa mbofyo mmoja. Pale ambapo faili lina taarifa, zinafanya kazi nzuri ajabu. Pale ambapo halina, zinabuni manyoya kutokana na picha nyingi zilizofundishiwa, na manyoya hayo ni mazuri, yamepangika, na si ya mwewe huyu. Ukizitumia, weka picha mbili kando kwa kando kwa asilimia 100 na ujiulize kama kila mstari mpya ulikuwa na chanzo kwenye picha ya zamani.

Ukali wa picha, watu wengi hawajui unavyofanya kazi. Programu haigundui manyoya yaliyofichika. Inatafuta kingo, upande wenye giza inautia giza zaidi na upande mweupe inautia weupe zaidi. Ndiyo maana ukizidisha, mwewe kwenye anga anapata ule mzingo mweupe. Tumia nusu kipenyo kidogo, pikseli 0.8 hivi, na uzuie kazi isifike kwenye anga wala majani. Fanya hivyo mwishoni, baada ya kupunguza picha kufikia ukubwa utakaoutumia.

Kukata picha kuna hesabu yake. Jarida hili likichapisha ukurasa mzima wa A5 uliolala, kwa nukta 300 kwa inchi, linahitaji pikseli 2,480 kwa 1,748. Faili letu la 6,000 kwa 4,000 linaruhusu kukatwa hadi hapo na mwewe akajaa vizuri, huku nimemwachia nafasi upande anaotazama. Lakini kama ndege alikuwa mbali na ukakata hadi pikseli 1,200 kwa 800, unabaki na picha ya inchi 4, yaani sentimita 10 kwa upana. Ichapishe hivyohivyo ndogo. Picha ndogo iliyo kali inapendeza kuliko kubwa iliyochoka.

Kosa moja linarudi kila toleo: watu wanahariri usiku, chumbani kuna giza, skrini ya laptopu iko juu kabisa. Wanaona mwewe anang'aa. Ikichapishwa, kiza. Shusha mwanga wa skrini hadi ufanane na karatasi nyeupe iliyo pembeni yako kwenye taa ya kawaida, halafu hariri. Na kabla ya kutuma, lala. Macho yakikaa saa mbili kwenye picha moja huanza kukubali chochote.

Sasa waya. Waya wa umeme uliopita nyuma ya mkia, nifute au niache? Kwa picha ya jalada, futa kama utasema umefuta. Kwa picha ya kumbukumbu ya ndege, uache, maana mwewe wa mjini anaishi kwenye nyaya, na wengine wanafia hapohapo. Kunguru ndiye simfuti kamwe. Wale kunguru wenye shingo ya kijivu asili yao ni India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale taka, wakavuka bahari na kutuzidi nguvu. Ukimwona mwewe anafukuzwa na kunguru watatu juu ya Yombo, habari yenyewe ni hao kunguru.

Wenye simu tu

Simu ya kawaida haimfikii mwewe. Ukizumu kwa vidole, simu inakata na kupanua tu, halafu inapaka manyoya ya kubuni juu yake. Zipo njia mbili zenye heshima. Ya kwanza, azima darubini ya kuangalilia ndege, bandika lenzi ya simu kwenye jicho la darubini, egemeza vyote ukutani, upige ndege aliyetua. Inataka subira, ila inafanya kazi. Ya pili, acha kupigana na kivuli. Jioni kama saa 12 mwewe hukusanyika kwenda kulala pamoja kwenye miti mikubwa. Gusa anga kwenye skrini ili mwanga ushuke, na umpige mweusi kabisa, mkia wenye panda dhidi ya wekundu wa magharibi. Umbo hilo halidanganyi, na hakuna cha kunyanyua kwenye Snapseed.

Wenye bundi darini, neno moja. Msimmulike kwa flashi usiku, na msiandike mahali alipo, wala kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Bado kuna watu, wakiwemo wenye digrii, wanaoamini amekuja kuita msiba, na wakijua jengo watakwenda na fimbo. Picha ya bundi itumwe bila jina la bweni, na taarifa za mahali zizimwe kwenye simu kabla ya kupiga.

Kwa watakaoleta picha zao kwa ajili ya toleo lijalo: tunapokea faili mbili kwa kila picha, iliyohaririwa na ile ya asili kama ilivyotoka kwenye kamera. Shindano kubwa la Wildlife Photographer of the Year nalo huwadai wanaofika hatua za mwisho mafaili yao ghafi, kwa hiyo hatukuonei. Andika tarehe, saa, mtaa, na kitu chochote ulichofuta. Kama hujui ni mwewe gani, andika "mwewe", tutamtazama kifua pamoja.